Gari Lisilotaka Kuzimwa

Mtaa mzima mjini Kasongo uliitamani kamionete ya Assumani, gari lake dogo la mizigo. Aliinunua kwa Mgiriki muuza vitambaa aliyehama mji, na rangi yake ya kijani ilikuwa haijachubuka. Ilipanda vilima vya Kabambare na magunia ya mpunga bila kukohoa. Ilipita kwenye matope yaliyoyalaza malori ya kampuni ya pamba. Kasoro yake ilikuwa moja tu: moteri ikizimwa ingali na joto, haikuwaka tena mpaka ipoe kabisa. Kuisukuma ilikuwa kazi bure. Ungetwanga sombe, yale majani ya mihogo, ukapika, ukala na kunawa mikono, ndipo ikubali.

"Muke muzuri, lakini akinuna!" Théophile, jirani yao mfyatua matofali, alipenda kutania. "Kama si kununa kwake, ndugu, ningekuibia."

"Mimi simunyamazishi," Assumani alijibu. "Ndiyo siri ya ndoa."

Mwanvua, mkewe, alicheka kila mara. Aliacha kucheka kiangazi kile.

Asubuhi moja ujumbe ulifika kutoka Lusangi, alikoolewa binti yao Feza. Alikuwa na uchungu tangu jana, na mkunga alisema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali ya Kasongo upesi. Walikwenda wote wawili. Kule Lusangi Assumani hakushuka wala hakuzima. Alikaa kwenye usukani, wanawake wakamlaza Feza nyuma kwenye godoro, kichwa mapajani mwa mama yake.

Katikati ya njia walikutana na maziko. Wanaume walikuwa wakija na jeneza mabegani. Assumani akasimama kando, kama desturi, moteri ikinguruma.

Mwanvua alikuwa binti wa mwalimu wa Kurani. Kwao, maiti ikipita, hata mchi uliokwisha kuinuliwa hurudishwa chini taratibu. Feza alikuwa amesinzia kidogo, uchungu umempumzisha. Mzee mmoja aliyetangulia jeneza akageuka, akalitazama gari. Haya ikamshika Mwanvua kabla ya akili. Akagonga bati la gari.

"Baba Feza, zima. Maiti inapita."

Na Assumani, ambaye katika mambo ya dini aliitii sauti ile miaka ishirini, akazima.

Jeneza likapita katika kimya. Walipoinua vichwa, mume na mke walitazamana kupitia kioo cha nyuma. Moteri ilikuwa ingali na joto.

Assumani alijaribu, akajaribu tena. Alimwaga maji, alipepea moteri kwa kofia yake. Feza akaamka akilia. Jua lilikuwa limepanda sana wale wanaume waliporudi kutoka makaburini, jeneza la msikiti mabegani, sasa tupu.

"Mama, tumulaze hapa, tutamubeba," alisema yule mzee.

Feza aliliona jeneza. "Pale hapana, mama."

"Ni kitanda tu, mwanangu," alisema Mwanvua, akamlaza kwa mikono yake mwenyewe.

Wakaenda mbio, wakipokezana, Assumani akabaki na gari. Mwanvua alikimbia kando, Feza ameshika kikwembe alichojifunga kiunoni. Walipofika kwenye mashamba ya mihogo, vile vidole vikalegea. Mtoto hakuzaliwa. Wanaume walikuwa bado hawajatua mzigo pale waliposikia nyuma yao kamionete ikija, moteri yake inaimba vizuri, safi kabisa.

Ndiyo iliyomrudisha Feza nyumbani. Njiani watu waliacha majembe, wanawake wakashusha michi. Uani Assumani alibaki kwenye usukani, na moteri ikanguruma mbele ya waombolezaji. Théophile alikuja, akainama dirishani, bila utani.

"Zima sasa, ndugu yangu. Watu iko wanalia."

Assumani akamtazama mkewe. Mwanvua akafungua kinywa. Neno lile moja halikutoka.

Basi Feza alioshwa na kuvikwa sanda huku gari linanguruma nje, mpaka esansi ikaisha yenyewe tangini.