Sentimita Kumi za Nyongeza

Baba ni fundi wa majeneza, na figo zake zimegoma. Nilimwandikia programu ya kompyuta: unaingiza urefu wa marehemu, inajumlisha sentimita kumi, inakupa urefu wa ubao.

“Weka urefu wangu,” akasema kutoka kitandani.

“Baba, acha hizo.”

“Weka, wewe! Nataka nione mbao zangu zikikatwa nikiwa hai.”

Nikaandika 170. Ikajibu 17010. Kumbe ilizichukua namba kama maandishi, ikaziunganisha badala ya kuzijumlisha.

Baba akacheka mpaka akapaliwa. “Hilo jeneza ni la kunizika na ukoo mzima?”

Nilitamani kuiacha hivyo hivyo.

“Rekebisha, mwanangu.”

Nikarekebisha. Ikatoa 180. Akaitazama ile namba, kicheko kikamkauka.

“Haya,” akasema, “washa msumeno.”