Mtoto Aliyetaka Kutoka Kwenye Nyekundu

Fundi cherehani alikuwa anapinda sketi ya sare simu ilipoita: binti yake ameanguka kwenye mazoezi ya asubuhi. Aliacha kitambaa chini ya sindano, akatoka mbio na tepu shingoni.

Alimkuta mtoto kalazwa kwenye benchi la ofisi ya mwalimu mkuu, midomo imemkauka. Nesi alisema hana ugonjwa wowote, ana njaa. Mama alihisi kama kazabwa kofi, maana chakula cha shule anakipika na kukifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alipombana, binti alikiri kuwa wiki ya tatu sasa anawagawia wenzake.

"Nilitaka kutoka kwenye nyekundu, mama."

Ndipo akaelezwa. Shule ilijiunga na programu ya mtandaoni ya kuwahimiza watoto kula vizuri na kufanya mazoezi. Mtoto anaandika alichokula na hatua alizotembea, programu inampa rangi. Orodha huonyeshwa kwenye skrini ya darasa kila asubuhi, kijani juu, nyekundu chini, na uzito wa kila mmoja pembeni. Binti yake alikuwa wa mwisho. Wenzake walishambatiza Tangi.

Mwalimu mkuu alisema, kwa upole wa kukariri, kwamba nia ilikuwa njema, na orodha inajipanga yenyewe. Shule haina la kufanya.

"Mwalimu, mimi nawapima viuno watoto wa shule hii kila mwaka," mama alisema. "Umewahi kunisikia nikivitangaza?"

Mwalimu wa michezo, aliyejibanza mlangoni, alikohoa. Alisema kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua: kila mtoto aone yake tu, au wote waone ya wote. Yeye ndiye aliyechagua wote, akidhani kushindana kutawatia bidii. Akatoa simu, akagusa mara moja. Orodha ikafutika.

Mkuu alishusha pumzi kana kwamba yamekwisha. Mama ndiyo kwanza damu ikamchemka. Mwanawe kashinda njaa wiki tatu kwa kitu kinachozimwa kwa kidole kimoja! Aliwaambia wataomba radhi mbele ya darasa lile lile, naye akiwepo. Mwalimu wa michezo alikubali, macho chini. Mkuu alitazama saa yake. Mama akavuta kiti, akaketi.

Radhi iliombwa kabla ya mapumziko. Mkuu maneno yalimtoka kama mtu anayeng'olewa jino, na mama hakumsaidia hata kwa kuitikia kwa kichwa.

Nyumbani alimkaangia binti yai. Mtoto alilitazama kwa muda, kisha akauliza inabidi atembee hatua ngapi ili liishe mwilini.

Mama aligeukia jiko asionekane uso. Angempata mtu wa kumkaba pale, angemkaba. Alipoweza kugeuka aliketi karibu na mwanawe, akalikata yai katikati, akaanza kula nusu yake polepole. Mtoto alimega kidogo, akatafuna, akameza. Akamega tena. Sehemu iliyobaki aliiacha kwenye sahani, na mama, ingawa moyo ulimuuma, hakumlazimisha.