Darasa Lililosoma Mdomo wa Mwalimu

Mwalimu wa darasa la kwanza aliitwa Redio, na jina hilo halikumkera hata kidogo, maana alilifanyia kazi. Habari ikiingia shuleni kwa lango la mbele, kabla haijafika kwa mwalimu mkuu ilishapita kwake ikanywa chai. Nyumbani hali kadhalika: mume, watoto wanne, wifi yake aliyekuja kusalimia mwaka juzi na bado hajaaga, na majirani wawili watatu wasiokosekana sebuleni. Akiachwa peke yake robo saa, alianza kuongea na sufuria.

Muhula ule habari kubwa ilikuwa yeye mwenyewe. Watoto wake arobaini na mmoja walikuwa wanasoma! Aliachana na kuimbisha herufi kama kasuku, akaingia mtindo wa sauti. Anainua kadi, watoto wanaitoa sauti yake: "mmm". Kadi nyingine: "aaa". Wanaziunganisha: "ma". Kadi mbili zaidi, neno zima limetoka. Hakuna aliyekosea, hata kitinda mimba wake mwenyewe, aliyekaa mstari wa mbele. Redio alijipigia debe ofisi ya walimu, sokoni, kwenye foleni ya maji, mpaka kwa fundi viatu ambaye hakuwa na mtoto wala mpango wa kumpata.

Debe likasikika mbali kuliko alivyotaka. Ikaja barua: Ijumaa mkaguzi atafika kuliona darasa hilo la ajabu. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amechoka kusikia sifa, akaongeza la kwake. Watoto wasiposoma, darasa linakwenda kwa mwalimu mpya, na Redio anahamia la sita kufundisha hesabu. Hesabu! Mtu ambaye saba mara nane alikuwa bado anamuuliza wifi. Halafu la sita hakuna mtoto anayesoma neno la kwanza maishani mwake, akashtuka, akakuangalia kama umemtolea njiwa mfukoni. Redio aliishi kwa dakika hizo.

Jumatatu gego likamlipukia. Daktari wa meno aling'oa, akamjaza pamba, akasema, "Mama, siku tatu usiongee sana."

"Sana ni kiasi gani?"

"Basi usiongee kabisa."

Wifi aliposikia alikaa chini. "Siku tatu? Jamani, mwiteni kaka yangu atoke kazini aje afaidi nyumba yake."

Jumanne Redio akaenda kazini shavu limemvimba utadhani kaficha chungwa. Kwa kuwa bado alijipenda, akajifunga mtandio kuanzia puani hadi kidevuni. Wasiwasi hakuwa nao: kuinua kadi kunahitaji mkono tu. Yule mwalimu mpya, kijana waliyembatiza Daftari kwa kuandika kila anachokiona, tangu muhula uanze alikuwa akikaa nyuma ya darasa hilo kujifunza kazi; leo aliombwa pia aseme panapohitaji kusemwa.

Redio akainua kadi ya m. Kimya. Akaitikisa. Kimya. Watoto walikuwa wamekodoa macho, si kwenye kadi, bali kwenye mtandio.

"Mwalimu, hatuoni," akasema mmoja wa mbele.

Kadi yenyewe ilikuwa kubwa kama sinia. Redio akaisogeza karibu.

"Hatuoni mdomo, mwalimu."

Ndipo kutoka pembeni, nyuma ya kabati la vitabu, ikasikika sauti ndogo: "Mmm." Alikuwa ni Kobe, msichana mzito wa kujibu, aliyehamishiwa kule ili asiwacheleweshe wenzake. Redio akainua kadi ya a. "Aaa," akasema Kobe, taratibu, na wengine wote wakageuka kumtazama yeye. Kadi baada ya kadi, Kobe akasoma peke yake.

Watoto walipotoka kucheza, Redio akachukua chaki akaandika ubaoni: NI NINI HIKI?

Daftari akasimama, akakohoa. "Mama, usinichukie. Kila ukiinua kadi, mdomo wako unatangulia. Ukishika m, unafunga midomo. Ukishika a, unaachama mpaka kilimi tunakiona. Watoto wanakusoma wewe. Kobe kabati linamziba, anaona mkono wako na kadi tu, imembidi asome kadi."

UMEJUA LINI?

"Wiki ya pili."

MBONA HUKUSEMA?

"Nilikuwa nangoja unyamaze, mama."

Redio akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Kumbe katika darasa zima, aliyejua kusoma ni yule mmoja ambaye yeye hakubahatika kumfundisha.

Alhamisi uvimbe ukaisha na ulimi ukaruhusiwa. Jikoni, wifi akampa shauri huku akichambua mchele. "Tatizo liko wapi? Kesho vua mtandio, upanue huo mdomo, watoto wasome, mkaguzi aende zake. Nani atajua?"

"Daftari atajua."

"Mpe soda."

Shauri lilimwingia, asiseme uongo. Alishaanza kuchagua na gauni. Ila akamwita kitinda mimba, akamwekea pakiti ya unga mezani, akageukia jiko kama mtu anayekoroga chungu.

"Nisomee hapo, baba."

Kimya.

"Soma, mwanangu. Herufi kubwa hizo."

"Mama, geuka kwanza."

Wifi akaacha kuchambua mchele. Redio akaendelea kukoroga, ingawa humo chunguni mlikuwa na maji matupu.

Ijumaa mkaguzi akaketi mbele, mama mnene mwenye miwani ya kamba, na mwalimu mkuu pembeni yake kama mtu aliyekuja harusini. Redio akachukua kadi ya kwanza, akaiweka usoni pake, akajificha kabisa nyuma yake.

Kobe akajibu. Wengine wakainama kulia, wakainama kushoto, wakimtafuta mwalimu wao nyuma ya kadi.

"Mwalimu, unacheza kombolela?" akauliza mkaguzi.

Redio akashusha kadi. Akaeleza yote: mdomo, jino, mtandio, kabati, pakiti ya unga. Alijaribu kufupisha, lakini ulikuwa ni umbea mtamu kuliko wote wa muhula, na kwa mara ya kwanza ulimhusu yeye. Akajikuta anaiga na sauti ya daktari. Mkaguzi akavua miwani akajifuta machozi. Kisha akaivaa, akawapima watoto mmoja mmoja kwa kadi zake, uso wake umekauka kama ukuta. Kati ya arobaini na mmoja walisoma sita: Kobe, na watano ambao kwa kukosa mdomo wa kutazama walitazama kadi. Kitinda mimba hakuwamo.

"Tulikubaliana," mwalimu mkuu akaanza.

"Mlikubaliana kabla hamjajua ugonjwa," mkaguzi akamkata. "Ukinipa mwalimu mwingine, utanipa mdomo mwingine usiojijua. Huyu abaki. Kijana naye akae mbele, amtazame mwalimu, si watoto. Mdomo ukitangulia, anyooshe mkono. Narudi mwisho wa muhula, na safari hiyo sitacheka."

Jumatatu, Daftari alinyoosha mkono mara kumi na tisa kabla ya kengele ya kwanza, na kila mara akaandika. Redio alijaribu kuuma midomo, ikawa kila kadi ni m kwa watoto. Akajaribu kugeuka ukutani, akagonga ubao. Mwishowe akarudia kujificha nyuma ya kadi, kadi ya s, akangoja. Akangoja sana, mtu ambaye hajawahi kungoja mwenzake amalize sentensi. Pamoja na hivyo, nyuma ya kadi mdomo wake ulikuwa umeshajipanga, meno nje, hauna adabu. Upande wa pili, viti vikalia, mtu akapiga miayo.

"Ss," ikasema sauti ya kitinda mimba wake, kwa mashaka, kutoka mstari wa mbele. "Sss?"

Redio alitaka kuruka. Akainua kadi ya pili.