Uso wa Nasiri Kwenye Simu ya Benki

Mume wangu Nasiri alifariki alfajiri, nyumbani kwetu Nyamirambo, na mazishi yakapangwa baada ya sala ya alasiri. Mimi mwenyewe nilimfumba macho. Niliyafunika kwa kiganja mpaka yakatulia, kwa sababu kwetu maiti haiendi kaburini ikitazama.

Asubuhi alikuja Habiyaremye, fundi aliyeshona naye chumba kimoja tangu ujana wao, pamoja na Gratien, kijana wa benki. Nilidhani wamekuja kuketi na wafiwa.

"Mukomere, mama, pole sana," akasema Gratien, simu iko mkononi tayari. "Leo benki inahamia sistemu mpya. Akaunti ya chama cha mafundi iko na watia saini wawili. Huyu tumemsajili. Amebaki mzee."

"Mzee amekufa."

"Najua, mama. Lakini kwenye sistemu bado yuko hai. Kungoja cheti cha kifo ni wiki nzima, na akaunti itafungwa leo jioni. Iko inataka uso tu."

Habiyaremye hakunitazama. "Shemeji, mafundi wanangoja kitambaa cha sare za shule. Unamjua Nasiri. Kwa ajili ya kazi, huyu angeamka."

"Basi mngojeni aamke. Uso wake hauguswi."

Gratien akaomba radhi. Nikaenda uani kupokea sanda. Niliporudi, mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa, na ndani sauti ya mwanamke, laini kama ya redioni, ilikuwa ikisema: "Tafadhali sogeza uso karibu. Fumba macho. Fumbua."

Habiyaremye alikuwa amepiga magoti kichwani pa mume wangu, vidole gumba vyake, vyenye makovu ya sindano, vikipandisha kope na kuzishusha. Gratien aliinama na simu.

"Taratibu, mzee. Kidole chako kinaingia kwenye picha."

Simu ikatoa mlio mdogo. "Hongera, Nasiri! Karibu kwenye benki yako mpya."

Gratien akacheka. Labda kicheko kilimtoka tu, lakini alicheka.

Sikupiga kelele, maana waoshaji walikuwa wameshafika. Niliwasukuma wote wawili, nikaketi, nikamfumba tena. Jicho la kulia lilitii. La kushoto lilikataa; mwili ulikuwa umeanza kukakamaa. Nilibonyeza, nikamsihi, nikashikilia mpaka mkono ukafa ganzi. Nilipouondoa, weupe ulikuwa bado unaonekana.

Wakamzika hivyo. Habiyaremye alibeba jeneza upande wa mbele, akilia kwa kweli.

Jioni alileta mchele na sukari kutoka kwa mafundi, na habari kwamba akaunti inafanya kazi vizuri. Ili kunifariji, aliongeza kwamba kila akiifungua, sura ya Nasiri ndiyo inayotokea kwanza.

"Nikuonyeshe, shemeji?"

Nilitazama kidole gumba chake juu ya mfuko wa sukari. Nikafunga mlango, naye bado ameunyoosha mkono.