Raundi ya Nyuma ya Jiko

Mwalimu wa hesabu wanafunzi walimwita Sufuri, kwanza kwa sababu ya tumbo lake, pili kwa sababu ya kalamu yake nyekundu. Kwake jibu sahihi lisilo na njia halikuwa jibu. "Umefikaje hapo?" angeuliza. "Uliota?" Kisha angechora sufuri kubwa, ya mviringo safi, kama mtu anayefaidi kazi yake.

Sasa sufuri hizo zilimtokea puani. Msichana mmoja wa darasa la mtihani, aliyeitwa Wakili kwa jinsi alivyojua kubishana, alikuwa amefeli majaribio mawili, akatangaza kuwa la tatu hafanyi. Ataacha shule, akamsaidie shangazi yake saluni. Roho ilimuuma Sufuri. Darasa zima lilinakili tu. Ni mtoto huyu peke yake aliyewahi kumuuliza kwa nini.

"Kujikwaa si kuanguka," alimwambia.

"Mwalimu, wewe ulijikwaa lini? Fanya kitu usichokiweza, na sisi tukuone."

"Kama kipi?"

Wakili akamkagua kuanzia viatuni, macho yakakwama tumboni. "Kimbia. Raundi ishirini za uwanja. Ukimaliza, nafanya mtihani. Ukishindwa, Jumatatu usinitafute."

Darasa likapiga meza. Sufuri akasikia mdomo wake unasema "Sawa" bila kumshauri mwenyewe.

Nyumbani mkewe alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Baba watoto, wewe? Juzi umewatuma watoto watafute rimoti nyumba nzima, kumbe umeikalia!"

"Maji nimeshayavulia nguo, mama."

"Basi yaoge. Ila kaptula ile usivae, utauaibisha ukoo."

Aliivaa. Ijumaa alasiri shule nzima ilijipanga uwanjani, na Wakili akakabidhiwa kalamu nyekundu na kipande cha boksi cha kuwekea alama za raundi. Raundi ya kwanza Sufuri alipunga mkono. Ya nne, mkono wenyewe hakuuona ulipo.

Njia ilizunguka nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo maji ya vyombo yalikuwa yametengeneza tope la kumeza kiatu, na ukuta uliwazuia watu wasione. Lakini kati ya jiko na stoo kulikuwa na kichochoro kikavu. Raundi ya kumi na mbili Sufuri alikitazama kichochoro, kichochoro kikamtazama. Shetani hana kazi nyingi kwa mtu aliyechoka. Akapita. Ya kumi na tatu akapita tena, na kuanzia hapo kikawa ndiyo njia.

Alipomaliza ya ishirini alinyoosha mikono juu, watoto wakalipuka kwa vifijo. Wakili hakushangilia. Alikuwa ameinama, anatazama viatu vya mwalimu.

"Mwalimu, hili tope mbona limekauka?"

Vifijo vikapungua.

"Jibu ni ishirini," alisema Wakili. "Njia iko wapi? Umefikaje hapo?"

Angeweza kusema ni jua. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alimwona yule mtoto usoni, akaona kwamba hakuwa na furaha hata kidogo. Alitaka sana mwalimu wake awe amemaliza.

"Nimekata njia," alisema. "Tangu ya kumi na mbili."

Wakili akachora sufuri juu ya boksi, kubwa, ya mviringo safi. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sufuri aliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na kwa mara ya kwanza akajua ile kalamu inachomaje.

"Kwa hiyo umeshindwa," alisema Wakili, na sauti ikamkatika. "Hata wewe."

Mwalimu mkuu akasema inatosha, watu waende nyumbani. Sufuri akainama kufunga kamba za viatu, kazi ambayo kwa tumbo lile ilikuwa raundi peke yake.

"Ukikosea hesabu, unafuta daftari zima?" aliuliza kutoka huko chini.

"Hapana," alisema Wakili. "Unarudi kwenye mstari ulipokosea."

"Basi andika kumi na moja."

Akaondoka kuanza ya kumi na mbili. Hakukimbia tena, alijikokota. Tope lilimvua kiatu kimoja, akaendelea na soksi. Raundi iliyofuata likamwangusha kifudifudi, na wapishi wakatoka jikoni kumnyanyua huku wakicheka na kumsukuma mbele. Watoto wengi walishaondoka. Wakili alikuwa palepale na boksi lake. Kila raundi alikagua miguu kwanza, ndipo akaweka alama ya vema. Ya ishirini Sufuri aliimaliza akiwa wa udongo kutoka kichwani hadi soksini, akalala chali kwenye nyasi. Wakili alimrudishia kalamu, akaenda zake.

Jumatatu Sufuri aliingia darasani akishika ukuta, akajitupa kitini. Wakili alikuwa benchi la mbele, na mezani kwake kulikuwa na karatasi mbili za majaribio, kila moja na sufuri yake.

"Mwalimu, naomba unionyeshe mstari nilipokosea."

Sufuri akajaribu kusimama aende ubaoni. Miguu ikagoma katakata.

"Kaa tu, Mwalimu," alisema Wakili. Akachukua chaki, akaenda ubaoni mwenyewe, akaanza kuandika njia yake, polepole, mstari kwa mstari.