Tuta la Bwana Shamba

Miaka tisa Coleta aliitunza sentensi moja kifuani, na haikupungua makali hata kidogo. "Aliyelijenga ndiye alisawazishe." Ndivyo bwana shamba Godbless alivyomwambia mama yake, Modesta, mbele ya kijiji kizima, nje kidogo ya Chala.

Wakati huo intumba zilikuwa zimepigwa marufuku. Intumba ni yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze, wakapanda maharage juu, na mwaka unaofuata wakayabomoa na kumwaga ulezi. Godbless, mtu wa Mbeya, aliletwa na kitabu chenye jalada la kung'aa. Kitabu kilitaka sesa: ardhi iwe tambarare, majani yabaki juu yafunike udongo. Mtu mmoja akauliza kwa nini.

"Nchi kumi na mbili zimeshapitisha," alijibu. "Sisi ni nani tubaki nyuma?"

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Hakuna aliyeuliza nchi hizo zina udongo gani, wala mvua zake zinanyeshaje. Modesta, mwenye miaka sitini na minane, alikuwa ameshajenga matuta yake na maharage yalikuwa yametoa maua. Akapewa jembe. Alisawazisha matuta arobaini, moja baada ya jingine, huku bwana shamba akihesabu kwa sauti. Msimu ule hakutoka tena uani, na uliofuata hakuuona. Watu walisema ni presha. Coleta alijua ni aibu, na alimjua aliyeileta.

Mwaka huu, mwezi wa pili, Godbless akarudi na kitabu kingine. Tumbo lilikuwa limeongezeka, sauti ilikuwa ileile. "Ndugu wananchi, dunia imegundua Vilima vya Mboji. Unafukia nyasi chini ya udongo, unapanda maharage juu. Nchi tisa zimeshapitisha. Sisi ni nani tubaki nyuma?"

Kitabu kilipomfikia, Coleta alifungua ukurasa wenye picha ya mwanamke aliyeinama juu ya tuta, mgongo kwa kamera. Alikitambua kitenge cha mama yake, cha njano chenye majogoo. Kabla ya marufuku, mtafiti mmoja wa kigeni aliwahi kulala kwao wiki mbili, akila ugali wa mama na kuandika kila alichoambiwa. Chini ya picha paliandikwa: "Mkulima wa kienyeji." Jina halikuwepo. Coleta alicheka hadi machozi yakamtoka, watu wakadhani amefurahi, wakamteua kuwa mkulima wa mfano.

Siku moja kabla ya wageni wa wizara kuja kukagua, Godbless alipita kwake peke yake. Alikuwa ametakiwa ajenge tuta moja kwa mikono yake mbele yao. Kitabu kilieleza kila hatua, lakini yeye alikuwa amesoma dibaji na orodha ya nchi tu.

"Dada Coleta," alisema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao, "hivi majani yanalalaje?"

Coleta alimtazama viatu, kisha uso. "Si kama ulivyotufundisha mwenyewe, bwana shamba? Majani yabaki juu, yafunike udongo."

"Kweli kabisa!" Godbless akashukuru mara mbili. Coleta alilala usingizi mtamu.

Wageni walifika asubuhi kutoka Dodoma, wakiongozwa na mama Janeth wa wizarani. Godbless alikunja suruali akafanya kazi kwa bidii, jasho likimtiririka. Akarundika udongo, akautandazia nyasi juu vizuri, akarudi nyuma na kupumua. Tuta lilisimama limejaa manyasi kama kichwa cha mtu aliyetoka kuamka. Wanawake wa Kifipa walitazama chini wasiangue kicheko. Kasmir, mwenyekiti wa kijiji, alikohoa.

Mama Janeth alifunua kitabu chake. "Mbona hapa imeandikwa majani yaingie ndani? Haya yaliyo nje yatachipua tena."

"Aah, ni... ni kulingana na mazingira, mheshimiwa."

"Mazingira gani? Mkulima wa mfano, wewe unasemaje?"

Coleta akasogea mbele. "Limekosewa, mama. Na sisi hapa tuna utaratibu wa tuta lililokosewa. Tulifundishwa na bwana shamba huyuhuyu, kwa mama yangu Modesta, ambaye mgongo wake uko kwenye ukurasa wa kumi na nne. Aliyelijenga ndiye alisawazishe."

Godbless alimgeukia mwenyekiti kuomba msaada. Kasmir, ambaye siku ile, miaka tisa iliyopita, alinyamaza, safari hii alikuwa ameshika jembe, akampa.

"Sawazisha basi tuendelee," alisema mama Janeth akitazama saa.

Godbless akainama. Kila pigo lilipotua, udongo ulimrukia usoni, na Coleta akajisikia mwepesi kuliko alivyowahi kuwa tangu mazishi. Alipomaliza, bwana shamba akanyoosha mgongo na kurudisha jembe.

"Moja," Coleta akahesabu kwa sauti, bila kulipokea. "Sasa lijenge tena. Bado thelathini na tisa."