Maiki kwenye Koti la Mzee Nyamhanga

Masele alikuja Gorong'a kutafuta dhahabu, akaambulia vumbi na kikohozi, ndipo akaangukia ufundi wa muziki na skrini za sherehe. Kazi aliijua. Upumbavu wake ulikuwa mmoja tu: alimpenda Modesta, akamwamini na baba yake.

Mzee Nyamhanga alikuwa amemwahidi kwamba siku ya kipaimara cha Agness, mdogo wake Modesta, angemtangaza mbele ya ukoo kuwa mkwe. Kwa ahadi hiyo Masele alikwisha kumfungia spika bure kwenye misiba miwili na harusi moja. Mchana wa kipaimara akambania mzee maiki ndogo kwenye koti, taratibu, kwa heshima zote.

Mzee alipoinuka kwenda nyuma ya nyumba, Masele aliizima sauti yake kwenye spika. Kwenye hedifoni aliiacha, maana fundi hapendi kushtukizwa mzungumzaji akirudi.

"Tata, Masele anangoja umtangaze," ilisema sauti ya Modesta kwa baba yake.

"Angoje tu. Ng'ombe wa mahari wa Anold wako zizini kwangu tangu Jumatatu. Sasa binti yangu nimpe Msukuma wa mashimoni?"

Modesta akacheka, tena kwa raha. "Usimwambie sasa, tata. Atang'oa spika zake kabla watu hawajacheza."

Ukoo wote usikie, Masele akajisemea, waaibike hawa! Akaipandisha sauti ya mzee hadi mwisho.

"Yule ni wa kufunga nyaya," spika zikanguruma uwanja mzima. "Mke akatafute kwao!"

Watu wakamgeukia Masele, hedifoni kichwani, mdomo wazi, wakaangua kicheko. Wapo walioshika mbavu. Mzee hakuna aliyemcheka.

Nyamhanga akarudi bila haraka.

"Kumbe mmesikia wenyewe," alisema. "Mmenipunguzia maneno. Anold, simama wakuone."

Vigelegele vikapigwa. Modesta akapenya katikati ya watu mpaka kwenye mitambo, akamwinamia Masele sikioni. Masele, maskini, alidhani anakuja kumwomba msamaha. Alikuwa tayari kusamehe.

"Weka wimbo wa maharusi," Modesta alimwambia, "na uongeze besi. Anold anapenda besi."

Masele akauweka wimbo. Akaongeza na besi.